Je, mtu mpole anaweza kuwa askari magereza?

Swali limeletwa na msomaji wa Muheza, mkoani Tanga. Ana umri wa miaka 22, amemaliza stashahada ya ustawi wa jamii na amepitia mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Anaandika: "Shikamoo mwalimu. Nafikiria kuomba ajira katika Jeshi la Magereza. Mama anasema kazi ile itaniharibu roho. Mjomba anasema mimi ni mpole mno, wafungwa watanichezea. Naomba unieleze kazi yenyewe ikoje, na nitajilindaje nisije nikawa mkatili wala nisije nikanunuliwa."

Marahaba, binti yangu. Mama yako na mjomba wako wote wawili wana hofu ya kweli, na mtu anayeingia kazi hii bila hofu yoyote namtilia shaka zaidi kuliko mwenye hofu. Ila wote wawili wanaitazama hatari mahali isipokuwapo. Mjomba anaogopa siku ya vurugu, na mama anaogopa kwamba utaona mabaya mengi mpaka moyo ukafa ganzi. Mambo hayo yapo. Lakini askari wengi walioharibika katika kazi hii hawakuharibiwa na vurugu wala na vilio. Waliharibiwa na hisani ndogo isiyo na jina, iliyotolewa siku tulivu, na mtu ambaye hakuonekana kuwa na nia mbaya. Nitaeleza kwa urefu jambo hilo, kwa sababu swali lako la ukatili na swali lako la kununuliwa, ukiyachunguza vizuri, yana mzizi mmoja.

Kwanza kazi yenyewe. Watu wa nje hudhani askari magereza anashinda ameshika bunduki mnarani. Lindo lipo, na utalishika kwa zamu, lakini sehemu kubwa ya kazi ni kuhesabu, kufungua, kufunga na kuandika. Asubuhi kabla milango ya mabweni haijafunguliwa, zamu inayotoka na zamu inayoingia hukabidhiana kwa idadi: wangapi wamelala, wangapi wako zahanati, wangapi wanapelekwa mahakamani, wangapi wanatoka kwenda shamba. Wafungwa huchuchumaa kwa safu za watano watano, unapita ukihesabu kwa jicho na kwa mdomo, na mwenzako anahesabu peke yake kutoka upande wa pili. Hesabu zenu zikitofautiana hata kwa mtu mmoja, hakuna mlango unaofunguliwa mpaka mjue kosa liko wapi. Jioni kundi la shamba likirudi, mnahesabu watu, kisha mnahesabu majembe na mapanga. Panga moja lisiporudi ghalani, ni jambo zito kama mtu asiporudi. Funguo nazo zina daftari lake, na ukiona askari anaondoka na ufunguo mfukoni kwenda kunywa chai, ujue umeona gereza lenye matatizo hata kama kuta zake ni ndefu.

Kazi hii inachosha kwa namna yake, kwa sababu leo inafanana na jana, na uangalifu hupungua pale ambapo hakuna kilichotokea kwa muda mrefu. Novemba 2021 wafungwa watatu waliohukumiwa kwa makosa ya ugaidi walitoroka katika gereza la Kamiti, Kenya, ambalo ni la ulinzi wa juu kabisa. Walinaswa Kitui siku chache baadaye, lakini kabla ya hapo maofisa kadhaa wa gereza walikuwa wamekwisha kamatwa na Kamishna Jenerali mwenyewe alikuwa amefutwa kazi. Maswali yote yaliyoulizwa baada ya tukio lile yalikuwa juu ya mambo ya kawaida kabisa: nani alikuwa zamu, nani alikagua selo, nani alikuwa anatazama.

Kuhusu utaratibu nitasema kwa ufupi, maana utaupata kwenye tangazo la ajira na chuoni. Jeshi la Magereza liko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi na linaongozwa na Sheria ya Magereza ya mwaka 1967. Askari wapya wamezoeleka kupelekwa Chuo cha Magereza Kiwira, mkoani Mbeya, kwa mafunzo ya awali, na kozi za kupanda vyeo na za taaluma ya urekebishaji ziko Ukonga, Dar es Salaam. Kwa kawaida mtu huanzia cheo cha Wada, kisha Koplo, Sajini na kuendelea. Ukiwa na ndugu Unguja akakwambia habari za Chuo cha Mafunzo, huo ni mfumo mwingine, ulio chini ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar na wenye ajira yake.

Sasa nirudi kwenye kiini. Gerezani askari ni wachache na wanaolindwa ni wengi. Katika bweni moja utakuwa wewe na wenzako wawili watatu mbele ya watu mia na zaidi, na ndani ya ua huingii na silaha, kwa sababu silaha iliyoingia ndani inaweza kunyang'anywa. Mtafiti wa Marekani, Gresham Sykes, alichunguza gereza kuu la New Jersey mjini Trenton katika miaka ya 1950 akaona jambo ambalo askari yeyote mkongwe wa magereza yetu ya Butimba au Isanga angemwambia bila utafiti: mamlaka ya askari jela yanaonekana kamili kwenye karatasi, lakini hayatoshi kuendesha siku moja. Huwezi kumlazimisha kwa nguvu kila mtu afagie, apange foleni, anyamaze, alale. Unahitaji wakubali. Na kwa kuwa una vitu vichache sana vya kuwapa na adhabu chache ambazo hawajazizoea, unashawishika kununua utii wao kwa kufumba macho: sigara hii sijaiona, kelele hizi sijazisikia, huyu apitilize muda wa kurudi bwenini kwa sababu hanisumbui. Siku ya kwanza inaonekana ni busara. Baada ya miezi, wewe ndiye mwenye deni kwao.

Nikuonyeshe jinsi linavyokwenda kwa karibu. Kuna mfungwa fundi cherehani, mtu mzima, mwenye adabu, anayekuamkia kila asubuhi. Anaona kifungo cha shati la sare yako kimelegea. Anasema, "Afande, nipe dakika mbili nikukazie." Unampa. Uzi ni wa gereza, sindano ni ya gereza, na hakuna aliyeumia. Wiki ijayo anakuuliza, kwa sauti ya kawaida tu, kama unapita sokoni jioni, kwa sababu mkewe ana genge pale na mtoto alikuwa mgonjwa. Angependa ajue tu kama amepona. Swali la kibinadamu kabisa. Unapita, unauliza, unarudi na jibu, anakushukuru machozi yakimlenga. Safari inayofuata ni karatasi iliyokunjwa mara nne, "ya salamu tu." Ukiipokea, kazi imekwisha, hata kama ndani yake kweli kuna salamu tu. Sasa anajua kwamba unabeba, na wewe unajua kwamba anajua. Akikuletea ombi la nne ukakataa, hatakutisha kwa kisu; atakutazama tu, au atamwambia mwenzake kwa sauti ya kukufikia kwamba afande huyu ni mtu wetu, tumetoka naye mbali. Kuna askari waliofungwa katika magereza waliyokuwa wakiyalinda, na ukifuatilia safari yao kinyumenyume utakuta mwanzoni kabisa jambo dogo la aina hii.

Zingatia kwamba katika mfano huu sikusema fundi yule alikuwa mjanja tangu mwanzo. Huenda alikuwa, huenda hakuwa. Huenda aliona kifungo kimelegea na ufundi wake ukamsukuma. Ndiyo maana kinga yako haiwezi kuwa kusoma nyuso za watu ili kujua nani mwema. Hutaweza, wala mimi siwezi. Kinga ni kuifanya kila hisani ipite mlango wa wazi. Mke wa mfungwa ana habari ya mtoto? Kuna ofisa ustawi, kuna siku ya kutembelewa, kuna barua zinazopitia ofisini na kusomwa. Mpeleke huko, na umfuatilie mpaka ahudumiwe. Na ukiwa umeshapokea jambo dogo, mwambie mkuu wako wa zamu siku hiyo hiyo, uliandike. Jambo lililoandikwa siku ya kwanza huwa kosa dogo lenye karipio, na baada ya hapo mfungwa hana cha kukushikia.

Hapa ndipo mjomba wako anapokosea kuhusu upole. Askari anayechezewa si mpole, ni yule asiyetabirika. Leo anacheka na kuruhusu, kesho amegombana nyumbani na anapiga kelele kwa kosa lile lile aliloliruhusu jana. Wafungwa hujifunza haraka kuliko wewe. Wana muda wote duniani wa kukutazama. Wakikuta kwamba jibu lako la Jumatatu ndilo jibu lako la Ijumaa, na kwamba unalompa mwenye ndugu tajiri ndilo unalompa asiyetembelewa na mtu, wataacha kukujaribu, na sauti yako ya chini itatosha. Nimeona wanawake wembamba wasiopandisha sauti wakitoa amri bwenini na watu wakanyanyuka, na nimeona majitu ya kutisha yakibembeleza.

Ukatili nao, kwa uzoefu wangu, mara nyingi ni uamuzi wa askari aliyekwisha poteza mamlaka yake kwa njia ile ya kufumba macho, akataka kuyarudisha kwa rungu. Ndiyo sababu nilisema mzizi ni mmoja. Kanuni za Nelson Mandela, ambazo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilizipitisha Desemba 2015 kwa kuboresha zile za mwaka 1955, zinaeleza wazi: nguvu hutumika kwa kujihami, kwa kuzuia kutoroka, au mtu anapopinga kwa mwili wake amri halali, isizidi inayohitajika, na aliyeitumia aripoti mara moja kwa mkuu wa gereza. Zinakataza pia kumfungia mtu peke yake kwa zaidi ya siku 15 mfululizo, kumpunguzia chakula au maji kama adhabu, na kuwaadhibu wote kwa kosa la mmoja. Hilo la mwisho ulishike sana, kwa sababu ndilo linaloonekana rahisi kwa askari kijana: simu imekutwa bwenini, haijulikani ni ya nani, basi wote wasitoke nje leo. Utaipata simu labda, lakini utakuwa umewafundisha watu mia kwamba kutii hakuna faida.

Kuna jambo lingine ambalo utalikuta na ambalo hakuna tangazo la ajira linalolitaja, nalo ni wanyapara, yaani wafungwa wanaoachiwa kuwasimamia wenzao. Magereza yetu mengi hujaa. Uwezo rasmi wa magereza ya Tanzania Bara ni karibu watu 30,000, na kwa miaka mingi waliomo walizidi idadi hiyo, karibu nusu yao wakiwa mahabusu ambao kesi zao hazijaisha. Msamaha wa Rais hupunguza msongamano kwa muda. Desemba 9, 2017 pekee zaidi ya wafungwa 8,000 walisamehewa, wakiwamo wanamuziki Babu Seya na Papii Kocha, na nchi nzima ikazungumza. Baada ya miezi mabweni hujaa tena. Katika hali hiyo ni rahisi kumwachia mfungwa mwenye nguvu na kauli asimamie usingizi, foleni ya chakula na usafi. Kusaidia kupanga usafi hakuna ubaya. Lakini Kanuni ya 40 ya Mandela inasema mfungwa asipewe madaraka ya kuadhibu wenzake, na sababu yake unaiona usiku wa kwanza unapokagua: ukikuta mmoja amenyoosha miguu karibu na dirisha na wengine wamelala ubavu mmoja wamebanana kama samaki kwenye tenga, uliza nafasi ile ya dirishani imepatikanaje. Palipo na mnyapara asiyekaguliwa, nafasi ya kulala huwa na bei, sabuni huwa na bei, na mahabusu kijana asiye na kitu hulipa kwa namna ambayo ataona aibu kuisimulia. Huwezi kuyaondoa haya yote ukiwa Wada mpya. Unaweza kuingia bwenini kwa saa wasizozitarajia, kuzungumza na wa pembeni kabisa, na kuandika ulichokiona.

Nimetaja mahabusu. Taratibu zao ni tofauti na za wafungwa, na Katiba yetu, Ibara ya 13(6), inakataza mshitakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika, kama inavyokataza mtu yeyote kuteswa au kudhalilishwa. Mahakama ndiyo itakayosema alifanya au hakufanya. Wewe ukianza kuhukumu kwa kusoma hati ya mashitaka, utajikuta unamnyima maji mtu ambaye mwezi ujao anaachiwa huru.

Kwa kuwa umesomea ustawi wa jamii, nikuambie mahali ambapo utafanya mema makubwa kuliko kwa maneno ya faraja. Ni karatasi. Aliyehukumiwa na mahakama ya wilaya na anayetaka kukata rufaa Mahakama Kuu ana siku 10 za kutoa taarifa ya kusudio lake na siku 45 za kuwasilisha rufaa yenyewe, na kwa aliye gerezani hati hizo hupita mikononi mwa mkuu wa gereza. Fikiria maana yake. Mtu asiyejua kusoma, amefika jana, bado kichwa kinamzunguka, na siku zake 10 zimeanza kuhesabika. Askari wa mapokezi asipomweleza, au akiiacha karatasi chini ya kikombe cha chai, mtu huyo atalazimika kwenda kuomba aongezewe muda kwa kosa lisilo lake. Hakuna mfungwa anayemsahau askari aliyempelekea karatasi kwa wakati, na askari wa namna hiyo hahitaji kufumba macho ili apate utii. Hali ni hiyo hiyo kwa punguzo la kifungo kwa mwenendo mzuri: rekodi ikiandikwa ovyo, mtu huozea ndani kwa siku ambazo si zake.

Kwa kuwa u mwanamke, kuna uwezekano mkubwa utapangiwa sehemu ya wanawake, au gereza la wanawake kama Kingolwira, Morogoro. Kanuni za Mandela zinataka wafungwa wanawake wasimamiwe na askari wanawake, na askari mwanamume asiingie huko bila kuandamana na mwanamke. Upekuzi wa mwili utaufanya wewe, na ndiyo sehemu ya kazi inayohitaji adabu kuliko zote: mahali pa faragha, kwa haraka, bila mzaha, bila kumwacha mtu uchi kwa muda usiohitajika. Utakuta pia kina mama wenye watoto wachanga. Mtoto yule si mfungwa. Hahesabiwi kwa adhabu, na maziwa yake si tuzo ya tabia njema ya mama. Usiwe mwepesi wa kumzoea mtoto kupita kiasi, maana siku atakapochukuliwa na ndugu utaumia karibu sawa na mama yake, na kesho yake unatakiwa usimamie hesabu.

Turudi kwa mama yako. Ana haki kwamba kazi hii hukaa mwilini. Kifua kikuu ni cha kwanza: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kinawapata walioko magerezani takribani mara kumi zaidi ya watu wengine, na hewa ya bweni unaivuta wewe pia. Fungua madirisha, pima mara kwa mara, na ukikohoa zaidi ya wiki mbili usinywe dawa za dukani tu. Pili ni mazoea ya kushuku. Askari hujifunza kutazama mikono ya watu, kukaa akiangalia mlango, kuuliza swali moja mara tatu kwa namna tofauti. Gerezani hiyo ni kazi. Kwa mume na watoto ni mateso. Kota ziko karibu na gereza, majirani ni askari wenzako, na mazungumzo ya jioni huwa ni ya zamu ile ile, kwa hiyo jitafutie watu wasiovaa sare: kwaya, madrasa, kikundi cha akina mama, timu ya netiboli, chochote. Mwambie mama akuambie bila kuogopa siku atakaposikia unamjibu kwa sauti ya kijeshi.

Kabla hujaandika maombi, fanya mambo mawili. Nenda mahakama ya wilaya asubuhi ukakae barazani, utazame askari wanavyoshusha mahabusu kwenye gari: nani anasukuma, nani anasema "teremka taratibu," nani anahesabu na nani anachezea simu. Kisha nenda siku ya kutembelea wafungwa, hata ukiwa umemsindikiza jirani tu, ukaangalie vikapu vya chakula vinavyokaguliwa langoni. Ukijikuta unaona mambo ambayo wengine hawayaoni, kazi hii inaweza kukufaa. Masharti ya umri, urefu, ndoa na elimu yasome kwenye tangazo lenyewe, kwa sababu hubadilika kutoka mwaka hadi mwaka. Maombi hayalipiwi. Atakayekupigia simu akisema yeye ni afande fulani wa makao makuu na kwamba nafasi yako inahitaji kitu kidogo cha kuisukuma, mkatalie na umripoti, na namba yake usiifute.